Kiazi kitamu cha oveni: Kwa nini huzidi utamu, na nani ajihadhari nacho

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KIAZI kitamu kilichovumbikwa kwenye majivu ya moto ni chakula ambacho wengi waliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru wanakikumbuka tangu utotoni. Kiliwekwa jioni pembezoni mwa mafiga, kikafunikwa majivu, na kilipotolewa ganda lilikuwa limeungua ilhali ndani kilikuwa laini na kitamu kuliko kile kilichochemshwa sufuriani.

Leo katika nyumba nyingi za Njiro, Sakina, Sekei na Kijenge mafiga hayapo tena. Yaliyopo ni majiko ya gesi au ya umeme yenye oveni chini yake, ambayo mara nyingi huwashwa kwa ajili ya keki ya siku ya kuzaliwa au kuku wa sikukuu, kisha hugeuzwa kabati la kuhifadhia masufuria. Hata hivyo, oveni hiyo hiyo inaweza kuirudisha ladha ya kiazi cha majivuni, endapo mpishi ataelewa kwamba utamu wa kiazi hicho hautoki shambani peke yake. Sehemu kubwa ya utamu huo hutengenezwa wakati wa kupika.

Jambo hilo lina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Utamu unaoongezeka ni sukari halisi, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa na jirani aache mkate na kula viazi vitamu, tofauti kati ya kiazi kilichochemshwa na kilichookwa si ya ladha tu.

Kiazi kitamu kibichi kina wanga mwingi na sukari kiasi. Ndani yake pia kuna kimeng'enya kiitwacho beta-amilasi, ambacho kazi yake ni kuukata wanga na kuugeuza kuwa sukari aina ya maltosi, ile ile inayopatikana katika kimea cha kutengenezea pombe. Kiazi kikiwa kibichi, kimeng'enya hicho hakina la kufanya, kwa kuwa punje za wanga zimefungamana. Joto likifika nyuzi 60 hivi, punje hizo huanza kunyonya maji, huvimba na kulegea, na hapo kimeng'enya hupata mwanya. Joto likipanda na kukaribia nyuzi 80, kimeng'enya chenyewe huharibika na kazi husimama.

Kwa hiyo, kadiri kiazi kinavyokaa muda mrefu kati ya viwango hivyo viwili vya joto, ndivyo wanga mwingi zaidi unavyogeuka sukari. Vipande vilivyotumbukizwa katika maji yanayochemka huipita ngazi hiyo kwa dakika chache tu. Katika maikrowevu mwendo ni wa kasi zaidi, ndiyo maana kiazi cha maikrowevu huwa kimeiva lakini kimepooza. Ndani ya oveni, kiazi kizima chenye ganda lake hupokea joto polepole kutoka nje kwenda ndani, kama ilivyokuwa kwenye majivu, na kimeng'enya hupata muda wa kutosha. Wakati huo huo sehemu ya maji huondoka kama mvuke, hivyo sukari iliyobaki hukolea, na ile iliyo karibu na ganda huungua kidogo na kutoa harufu inayojaza nyumba nzima.

Wauzaji wa viazi vya kuchoma mitaani huko Japani, wanaovichoma juu ya kokoto za moto, na wale wa China wanaotumia mapipa ya chuma yaliyogeuzwa matanuri, walikuwa wakifuata kanuni hiyo. Bibi aliyekuwa akivumbika kiazi jioni huko Meru aliifuata pia, na hakuna aliyehitaji somo la kemia.

Mpishi wa nyumbani hahitaji vifaa vingi. Viazi vinavyofaa ni vya wastani, vyenye uzito wa robo kilo hivi kila kimoja na unene unaolingana, ili viive pamoja. Kiazi kikubwa mno huungua nje kabla moyo wake haujalainika. Vioshwe kwa brashi au kitambaa kikavu bila kumenywa, vifutwe maji, kisha vitobolewe kwa uma mara tatu au nne ili mvuke upate pa kutokea. Mafuta si ya lazima. Anayetaka ganda laini la kulika anaweza kupaka kidogo ya alizeti.

Wengi huvifunga viazi katika karatasi ya alumini kwa kudhani ndivyo inavyotakiwa. Kiazi kilichofungwa hivyo hujipika kwa mvuke wake chenyewe, na matokeo yake hukaribia ya kuchemsha: laini, chenye majimaji, kisicho na ule ukavu wa kuchoma. Ni afadhali karatasi hiyo itandikwe kwenye trei, kwa sababu kiazi kinachoiva vizuri hutoa asali nyeusi inayonata, na kuisugua baada ya kukauka ni kazi ya nusu siku.

Viazi viingizwe wakati oveni ingali baridi, kinyume na maelekezo ya keki. Moto ukiwekwa nyuzi 200 za Sentigredi, viazi vya ukubwa uliotajwa huchukua kati ya dakika 50 na saa moja, vikigeuzwa mara moja katikati. Anayetaka utamu zaidi anaweza kushusha moto hadi nyuzi 150 na kuviacha saa moja na nusu, mradi akubali gharama yake. Dalili ya kuiva ni kisu kuingia hadi katikati bila kuzuiwa, ganda kuanza kujitenga na nyama, na ile asali kuchuruzika kwenye matundu ya uma. Moto ukishazimwa, viazi viachwe humo dakika kumi.

Majiko mengi ya gesi yana namba badala ya nyuzi. Katika majiko yanayofuata mpango wa Uingereza, namba 6 ni takriban nyuzi 200 na namba 2 ni nyuzi 150. Yapo pia yasiyo na alama yoyote isipokuwa mwali mdogo na mkubwa, na kwa hayo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni huokoa viazi na keki nyingi.

Vipande vilivyomenywa na kupakwa mafuta ni mapishi mengine kabisa. Huwekwa kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 220 kwa dakika 25 hadi 30, na hutoka vikiwa na ukoko mzuri, lakini kwa kuwa hupata joto haraka utamu wake haufikii ule wa kiazi kizima. Vikifika rangi ya kahawia viondolewe, visiachwe viwe vyeusi, kwani wanga uliounguzwa hutoa akrilamaidi, kemikali ambayo mamlaka za chakula duniani zinashauri ipunguzwe mlo.

Wakazi wa Arusha wana jambo jingine la kuzingatia. Jiji lipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage na viazi vya kuchemsha huchelewa kidogo hapa kuliko Dar es Salaam. Oveni hubaki na nyuzi zake 200, ingawa moyo wa kiazi haupandi kupita joto la mvuke wa maji yaliyomo.

Sokoni, aina ya kiazi ni muhimu kama moto wenyewe. Katika masoko ya Kilombero na Soko Kuu, na lile la Tengeru linalofurika Jumatano na Jumamosi kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, viazi huuzwa kwa fungu, kwa sado au kwa gunia. Mnunuzi hutazama ganda: jekundu au jeupe. Ganda, hata hivyo, halisemi chochote kuhusu kilichomo. Nyama ya ndani inaweza kuwa nyeupe, ya manjano au ya rangi ya chungwa, na njia ya kujua ni kumwomba muuzaji akate kimoja.

Vile vyenye nyama nyeupe au ya maziwa ndivyo vinavyopendwa na walaji wengi wa Tanzania kwa sababu ni vikavu na vina unga mwingi. Vile vya rangi ya chungwa, vinavyojulikana zaidi kwa jina la viazi lishe, hulalamikiwa kuwa na majimaji na kulegea vikichemshwa. Lawama hiyo ni ya haki, na hapo ndipo oveni inapoonyesha faida yake kubwa, kwa kuwa hukausha maji hayo na kukibakiza kiazi chenye ladha nzito. Anayeviepuka viazi lishe kwa sababu ya ulegevu angefaa avijaribu mara moja vikiwa vimeokwa kabla ya kuvihukumu.

Rangi ya chungwa inatokana na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulibaini kuwa takriban theluthi moja ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa vitamini hiyo, ambao hudhoofisha kinga na kuharibu macho. Kwa mujibu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, gramu 125 za aina nyingi za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, hutosheleza mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule.

Mbegu hizo zimefanyiwa kazi kubwa Afrika Mashariki. Uganda iliidhinisha Ejumula mwaka 2004 na Kabode mwaka 2007, na kwa upande wa Tanzania zipo Mataya na Kiegea. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade na Jan Low waliofanya naye kazi ya viazi hivyo, na Howarth Bouis aliyeongoza juhudi za kuongeza virutubisho katika mazao.

Betakarotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kiazi kilichookwa kikavu na kuliwa kwa chai ya rangi humpa mtoto sehemu tu ya kilichomo. Kikipasuliwa na kupakwa kijiko cha siagi ya karanga, au kikiliwa pamoja na parachichi, ambalo Meru haina uhaba nalo, hali hubadilika. Maziwa ya mgando yasiyoondolewa mafuta yanafaa pia, na walaji wengi wa hapa watasema ndiyo ndoa bora zaidi ya kiazi cha moto.

Kwa wagonjwa wa kisukari hesabu ni tofauti. Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na ugonjwa huo. Mijini, ushauri unaozunguka katika familia zenye mgonjwa ni kwamba viazi vitamu ni salama kwa sababu ni chakula cha asili. Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inategemea sufuria au oveni.

Wataalamu hupima chakula kwa kasi yake ya kupandisha sukari katika damu, glukosi tupu ikipewa alama 100. Chakula chenye alama 55 au pungufu huhesabiwa kuwa cha taratibu, na chenye 70 au zaidi kuwa cha kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies nchini Jamaica walichapisha mwaka 2011 vipimo vya aina 10 za viazi vitamu vinavyolimwa huko. Vilipochemshwa, alama zilikuwa kati ya 41 na 50. Vilipokaangwa zilipanda hadi kati ya 63 na 77. Vilipochomwa zilikuwa kati ya 79 na 93, na vilipookwa kwenye oveni kati ya 82 na 94.

Aina hizo ni za Jamaica, na kiazi cha Tengeru kinaweza kuwa na namba zake. Hata hivyo, mwelekeo unaeleweka, kwa kuwa joto kavu la muda mrefu huulegeza wanga na kuugeuza sukari kabla haujafika mdomoni. Kiazi kile kile kinaweza kuwa chakula cha taratibu mchana na cha kasi jioni, bila kubadilika chochote isipokuwa namna kilivyopikwa.

Mgonjwa hatakiwi kukichukia kiazi kwa sababu hiyo. Kinachomfaa ni kile kilichochemshwa na ganda lake, kwa kiasi kidogo, kikiambatana na maharage au samaki na mboga za majani, vitu ambavyo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Akitamani cha oveni, kipande kiwe kidogo na kihesabiwe kuwa ndicho wanga wa mlo huo, kisiongezwe juu ya wali au ugali. Mwenye kipimo cha sukari nyumbani anaweza kujipima saa mbili baada ya kula na kuona mwenyewe mwili wake unavyopokea. Dawa zisibadilishwe bila daktari, na anayetumia sindano za insulini ana sababu zaidi ya kuuliza kliniki kabla ya kubadili upishi.

Gharama nayo ina neno lake. Oveni ya umeme ya wati 2,000 haitafuni uniti mbili kamili kwa saa, kwa kuwa hujizima na kujiwasha ikishafikia joto lililowekwa. Makadirio ya uniti moja na robo hadi moja na nusu kwa kuoka mara moja hayako mbali na ukweli. Kwa mwenye kuoka mara tatu kwa wiki, hizo ni uniti 15 hadi 20 kwa mwezi. Katika bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016, wateja wa majumbani wa kundi la matumizi madogo walipangiwa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba iliyo karibu na mpaka wa namna hiyo inaweza kuuvuka kwa sababu ya viazi.

Kuwasha oveni kwa ajili ya viazi viwili, basi, ni ufujaji. Trei moja hubeba viazi kumi kwa moto ule ule, na vilivyobaki hukaa kwenye jokofu siku tatu au nne vikisubiri kupashwa. Wanaooka mikate au keki wanaweza kuvipenyeza viazi chini yake, au kuviingiza baada ya keki kutoka, japokuwa hapo oveni haitakuwa baridi tena.

Wasio na oveni hawajafungiwa mlango. Waoka keki wengi wa mitaani wamekuwa wakitumia sufuria nzito yenye mchanga chini, ikawekwa juu ya jiko la mkaa na mfuniko wake ukapaliwa makaa, mtindo unaojulikana kama moto chini na juu. Kiazi huiva humo vizuri ajabu, pengine kuliko kwenye oveni ya dukani, kwa sababu mchanga hupeleka joto taratibu kama majivu. Sufuria hiyo hiyo inaweza kukaa juu ya gesi kwa mwali mdogo bila makaa juu, mradi kiazi kigeuzwe mara kwa mara. Hilo lina maana kwa nyumba zinazouacha mkaa, kwani Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Jiko la mkaa likitumika, liwe nje au mahali penye hewa. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na baridi ya Arusha kuuma, ipo tabia ya kuliingiza jiko ndani baada ya kupika ili lipashe chumba joto, milango ikiwa imefungwa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuigundua. Oveni ya gesi pia isigeuzwe kipasha joto cha chumba.

Baridi hiyo hiyo huviathiri viazi vilivyohifadhiwa. Kiazi kitamu kibichi hakitakiwi kuwekwa kwenye jokofu, kwani joto la chini ya nyuzi 12 hukiumiza: moyo wake hukakamaa, na hata kikiokwa saa mbili hubaki kigumu katikati. Mahali pake ni kwenye kapu ndani ya nyumba, pakavu na penye kivuli, mbali na sakafu ya saruji inayopoa usiku. Kilichokaa hivyo wiki moja au mbili baada ya kuvunwa mara nyingi huwa kitamu kuliko kilichotoka shambani siku hiyo.

Chenye vitundu vidogo vyeusi kimeshambuliwa na fukusi. Kiazi kinaposhambuliwa hutengeneza kemikali chungu za kujikinga, ambazo haziishii pale penye tundu na haziondolewi kwa moto wowote. Kukata sehemu mbovu na kuoka iliyobaki hakusaidii. Uchungu utaonekana mezani, na kiazi kimoja cha namna hiyo ni bora kitupwe kabla ya kuingia kwenye trei.